Somo la Mwisho la Mwalimu Uthman

Mwalimu Uthman alipostaafu alikataa katakata kupumzika. Akiwa nyumbani kwake kisiwani Amu, aliwafundisha hesabu kwa simu, bure, wasichana wa kidato cha nne kule Faza; malipo yake yalikuwa dua tu. Kwa kuwa kifua kilikuwa kibovu, siku pumzi ikimkubali alirekodi masomo mengi kwa mpigo, kisha akayatuma moja moja kila jioni.

Alipofariki, masomo ambayo hayajatumwa yalibaki simuni. Mkewe Mwanatumu, aliyekaa eda, hatoki wala hajipambi, akaichukua ile simu. Kila baada ya magharibi alituma somo moja, na Nusra, mwanafunzi aliyekuwa mwepesi wa kujibu kuliko wenzake, akajibu: "Shukran, mwalimu." Mwanatumu alijiambia kwamba watoto hawajui, na mtihani umekaribia, asiwavunje moyo. Uongo mtupu! Alipenda tu kuona mumewe bado anaitwa mwalimu.

Likasalia somo la mwisho, la uwezekano, mada iliyokuwa ikimsumbua Nusra. Mwanatumu akalisikiliza kwanza. Katikati Uthman alikohoa, akakohoa tena, akaita: "Mwanatumu, nipe mai." Kutoka jikoni ikajibu sauti ya Mwanatumu mwenyewe, kali: "Subiri, bajia zitaungua!"

Aliizima simu. Hakukumbuka kama maji aliyapeleka. Bajia alizikumbuka, zilitoka nzuri.

Siku mbili hakutuma kitu, kwa aibu. Nusra akaandika: "Mwalimu, mtihani ni Jumatatu. Uwezekano sijauelewa."

Lisilo budi hutendwa. Mwanatumu alilituma somo, na kikohozi chake na bajia zake, kisha akarekodi maneno yake mwenyewe huku analia: "Mwanangu, mimi ni mkewe. Mwalimu hayuko tena. Nimewadanganya, nisameheni."

Nusra alijibu kwa sauti. "Bi Mwanatumu, twajua tangu siku ile. Baba alikuja Amu kuzika. Twalikuwa tukijibu ili usikae pweke." Kisha akaongeza: "Somo nimelielewa, Bi. Yamesalia mengine?"

"Hapana, mwanangu. Ndilo la mwisho."

Mazungumzo yalipokwisha, Mwanatumu alilifungua tena somo. "Mwanatumu, nipe mai." Safari hii aliinuka mbio, akateka mtungini, akarudi na bilauri mkononi.

"Mai haya, bwana," alisema.

Simuni, Uthman alikuwa ameshaendelea na somo.