Hataza ya Kuitia Ng'ombe

Ukungu ulipoanza kuteremka kutoka Mlima Meru, Tabea aliacha alichokuwa akifanya, akafuta mikono kwenye kanga na kwenda langoni kuwaita ng'ombe wake. Alianza na Mjerumani, ng'ombe mzee mwenye kiburi aliyerithi jina hilo kutoka kwa bibi yake. Akafuata Sukari, kisha Misheni, kisha ndama. Walitokea kwenye ule weupe mmoja baada ya mwingine, pua zikitoa mvuke, na yeye hakuwahesabu, maana mifugo haihesabiwi. Aliwatazama nyuso tu, akaridhika.

Wito haukuishia kwa ng'ombe. Huko kwao, juu kidogo ya Usa River, aliyeita mifugo wakati wa ukungu alipaswa kumalizia na jina la kila mtu wa nyumba ile ambaye hajarudi, hata kama ni mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani. Kumwacha mtu nje ya wito kulikuwa sawa na kuuambia ukungu umchukue. Kwa hiyo Tabea alimalizia kwa kumwita Anande, mwanawe wa pekee, aliyekwenda Burma na jeshi la Mwingereza. Vita vilikwisha, wenzake wakarudi na makoti mazito wasiyoweza kuyavaa kwenye joto la bondeni, na kuhusu Anande ikaja habari kwamba hajulikani alipo.

Mchungaji alishauri waimbe wimbo mmoja kanisani na kulifunga jambo hilo. Shemeji yake Tabea, mzee Sumari, alikuja kuomba jina la Anande apewe mjukuu wake aliyezaliwa majuzi, kwa kuwa jina zuri halifai kukaa bure. Tabea alimkaribisha pombe ya ndizi, akamwambia kwamba jina bado lina mwenyewe. Sumari alimaliza kibuyu, akaenda zake, na mtoto akaendelea kuitwa Mtoto.

Siku moja ndege ndogo ilikuja pamoja na ng'ombe. Ilitokea kwenye ukungu nyuma ya Misheni, magurudumu yakikanyaga nyasi polepole, ikasimama langoni na kungoja zamu yake. Rubani, Mzungu kijana aliyelowa jasho, alishuka akasema kwa Kiswahili cha shambani kwamba alikuwa amepotea juu ya mlima, ndipo akasikia mtu anaita. Tabea alimpa maziwa. Ndege aliifunga kwa kamba mbali kidogo na Mjerumani, ambaye hakupenda wageni, na asubuhi majirani waliisukuma hadi barabara ya Moshi huku wakilalamika kwamba ni nzito kuliko inavyoonekana.

Habari hizo zilimfikia Bwana Witloki, mhandisi wa redio kwenye kiwanja kipya cha ndege, kule chini uwandani kuelekea Kikwe. Kiwanja kilikuwa na kila kitu isipokuwa ndege. Kila ukungu uliposhuka marubani hawakukiona, wakaenda kutua Nairobi, na chai iliyopikwa kwa ajili yao ikanywewa na wafagiaji. Bwana Witloki alipanda kwa Tabea na mashine ya kunasa sauti, betri mbili, na karani wake Bariki, kijana wa Moshono aliyesoma misheni.

"Bwana anaomba uite kama unavyoita siku zote, mama," Bariki alisema.

"Wito wote?"

Bariki aliuliza, akajibiwa. "Wote. Usipunguze hata kidogo."

Tabea aliona ni ombi la mtu mwenye adabu. Aliita wito wote, tangu Mjerumani hadi Anande, na kwa Anande alivuta sauti kama kawaida yake, ikapanda, ikakaa juu, kisha ikashuka taratibu. Bwana Witloki hakujua Kimeru, na Bariki naye hakukijua. Wote wawili walidhani Anande ni ng'ombe mwingine. Walimshukuru, wakamwachia kopo la biskuti. Kopo lilikuwa zuri, na hadi leo wajukuu wa ukoo ule wanatunzia vifungo ndani yake.

Sauti ya Tabea ilitiwa ndani ya chombo, chombo kikapandishwa juu ya mlingoti mrefu wa chuma, na ndege zikaanza kuja. Zilishuka kwenye ukungu zikifuatana kwa mstari, zikatua na kusimama. Ng'ombe nao wakaanza kwenda huko. Hawakuwa na redio, lakini walisikia. Tabea alipoita langoni, Mjerumani alisimama katikati ya malisho, akageuza shingo huku na huku kati ya Tabea wa nyumbani na Tabea wa mlingotini, kisha akaufuata mlingoti kwa sababu ulikuwa na sauti kubwa zaidi. Wengine wakamfuata. Tabea aliwatukana kwa majina yao yote, lakini hawakurudi.

Kisha ikaja hataza. Hataza ni hati ya serikali inayosema kwamba jambo fulani limebuniwa na mtu fulani, na mwingine yeyote asilifanye bila ruhusa yake. Hii ilitolewa London kwa jina la Bwana Witloki, na kichwa chake kilikuwa Njia Bora ya Kuviita Vyombo vya Anga Wakati wa Ukungu. Bariki ndiye aliyetumwa kumweleza Tabea. Alichagua asubuhi yenye jua.

"Shikamoo, Mama Anande," alisema, kisha akautazama mlima kuhakikisha kwamba uko wazi. Siku hizo alikuwa ameshajua kwamba Anande si ng'ombe, na jambo hilo lilimnyima raha.

"Marahaba, baba. Mbona unatazama juu?"

"Jina hilo sasa lina mwenyewe London, mama. Kukiwa na ukungu halitamkwi kwa sauti bila kibali. Jua likiwaka hakuna neno."

"Na ng'ombe?"

"Wito mzima. Umeandikwa wote, jinsi unavyopanda na unavyoshuka. Kuna na michoro. Wa kwanza ni mlingoti, wa pili ni betri, wa tatu ni mdomo."

"Mdomo wa nani?"

Bariki alikuna shingo. "Haukuandikwa jina, mama. Una namba tu."

Tabea hakubishana naye, maana kijana alitumwa. Lakini aliogopa. Ng'ombe angeweza kuwafuata popote walipo. Anande alikuwa bado hajafika, na mtu aliye safarini akiacha kusikia jina lake kutoka nyumbani, atajuaje njia ni ipi? Siku ya pili alivaa kitambaa chake cha kanisani, akateremka hadi kiwanjani kuonana na Bwana Witloki.

Alipokelewa vizuri. Alipewa kiti na chai ya marubani. Kwa kinywa cha Bariki alieleza kwamba sauti waichukue, wala hana kinyongo, koo lake limechoka. Ng'ombe pia wawaite watakavyo. Alihitaji arudishiwe jina moja tu la mwisho, nalo si la ng'ombe.

Bwana Witloki alisikiliza mpaka mwisho, akasikitika kweli. Alisema walikwisha kulijaribu jambo hilo. Walilikata jina, na ndege zikaja hadi juu ya kiwanja zikawa zinazunguka tu, hazishuki, mpaka walipolirudisha. Jina ndilo lililokuwa moyo wa chombo. Hata hivyo mama alikuwa huru kuomba kibali London kama mtu mwingine yeyote. Akamwongezea sukari kwenye chai.

Basi Tabea alinyamaza. Ukungu uliposhuka alikaa ndani na kuuma upindo wa kanga, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikiita kutoka bondeni. Ilikuwa sauti yake kabisa, hata kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho siku ile kilikuwamo. Alichukia kukisikia. Baadaye alishika fimbo akateremka kuwafuata ng'ombe, na siku zote za ukungu zikawa hivyo.

Kiwanjani hakuwa peke yake. Kila kilichopotea kwenye ukungu kilikuwa kikija pale. Alikuja punda ambaye mwenyewe alikwisha kumlilia. Kuku wa harusi walikuja, na shemasi mmoja aliyekuwa akielekea Nkoaranga tangu Pasaka, akiwa na njaa kali lakini mwenye afya. Wote walisimama kando ya uzio, nyuma ya ndege, wakingoja kuchukuliwa. Askari wa kiwanja, Loishiye, Mwarusha mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, ndiye aliyewapanga. Kazi yake nyingine ilikuwa kumripoti yeyote atakayeita.

"Ng'ombe wako wamefika, mama," alimwambia Tabea kila siku. "Yule mkubwa amempiga teke fundi tena."

"Mwambie fundi asimkaribie."

"Nimemwambia. Hasikii."

Siku ambayo ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote za msimu ule, Tabea alifika akiwa amelowa hadi magotini. Mlingoti ulikuwa ukiita. Ndege mbili zilikuwa zimetua, na ya tatu ilikuwa ikisikika juu ikijiweka sawa. Sukari alitoka kwenye weupe, kisha Misheni, kisha ndama. Mlingoti ukafika kwa Anande, sauti ikapanda, ikakaa juu, ikashuka. Ndege ya tatu ikatua. Mjerumani akatokea wa mwisho kwa mwendo wake wa kiburi, na nyuma yake, mkono ukiwa juu ya mgongo wa ng'ombe huyo asiyependa kuguswa, alikuwa Anande.

Alikuwa amevaa koti la jeshi. Viatu vyake vilikuwa na matope mekundu, mabichi, ambayo hayakuwa ya Meru wala ya Kikwe. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa yeye.

"Shikamoo, mama," alisema.

Tabea alikaa chini palepale kwenye majani yaliyolowa. Hofu yote ilimtoka kwa mara moja, akajisikia mwepesi hata akashika nyasi. Alilia, akacheka, akalia tena, na hakuona haya ingawa shemasi mwingine alikuwa amesimama pale uzioni akitazama.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza alipoweza.

"Kwenye ukungu, mama. Ulishuka tukiwa msituni kulekule Burma. Nikasema nisitangetange, nikae nisubiri kuitwa. Nilikuwa nakusikia, lakini kwa mbali sana, sikuweza kujua upande. Halafu majuzi ukaanza kuita kwa nguvu, nikainuka."

Tabea alifungua mdomo ili amwite jina lake. Alikuwa nalo ulimini, limekaa tayari, na kifua kilikwisha kujaa pumzi. Loishiye alikohoa.

"Mama," alisema taratibu, akitazama viatu vyake mwenyewe, "ukungu bado haujaondoka. Na Bwana yupo ofisini, dirisha liko wazi."

Tabea alifunga mdomo. Alisimama, akamshika mwanawe mkono wa koti na kuukunja vizuri kwenye kiganja chake. Akawaswaga ng'ombe.

Anande alimtazama. "Mbona huniiti, mama?"

"Nimekuita vya kutosha. Twende nyumbani."

Walipanda mlima, Mjerumani mbele. Walipofika migombani, mahali ambapo ukungu ulikuwa umeachana na ardhi na jua la jioni lilikuwa likigusa kahawa, Tabea alisimama, akatazama juu na chini, akamwita jina lake. Aliliita mara moja tu, bila kulivuta, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu. Anande aliitika.

Sumari aliposikia, alikuja na pombe yake mwenyewe safari hii, na Mtoto akapewa jina la Elisaria, ambalo halikuwa na matatizo yoyote mahali popote. Mchungaji aliwaimbisha wimbo mwingine, wa furaha. Bariki naye alikuja asubuhi yenye jua, akamwamkia Tabea, akapeana mkono na Anande, kisha akawaeleza, akitazama chini, kwamba Bwana Witloki ameandika London kuiongezea hataza yake nguvu. Chombo kimethibitika kuwa kinawarudisha hata wanajeshi. Anande angetajwa kama ushahidi.

"Kwa jina?" Tabea aliuliza.

"Kwa namba, mama."

Tabea alimkatia mkungu wa ndizi awapelekee nyumbani kwao Moshono, maana kijana alitumwa.

Hataza haikufutwa, na mlingoti uliendelea kuita. Kila ukungu uliposhuka, Anande aliweka chini jembe au kikombe, akainuka na kuteremka bondeni pamoja na ng'ombe, macho yakitazama mbele. Asingeweza kuzuiwa; walikwisha kujaribu kumfungia mlango, akasimama nyuma yake akitetemeka mpaka wakamfungulia. Majirani walimsikitikia Tabea na kumwambia kwamba hayo si maisha.

Yeye hakuona hivyo. Alichukua fimbo na koti la mwanawe, akateremka nyuma yao bila haraka, akisikiliza sauti yake ikimwita mtu wake kwa jina alilozuiwa kulitaja. Loishiye alikuwa akimngojea getini.

"Wamefika wote, mama," alisema. "Wako pale uzioni."

"Asante, baba," Tabea alijibu, akaenda kuwachukua. Miaka yote ya nyuma hakuwa amejua pa kumfuata mwanawe.