Picha ya Mkaguzi

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na picha moja tu aliyoiamini: mwanamke mwenye sanduku amesimama mlangoni, mbwa yuko miguuni pake. Aliikata kwenye kalenda kuukuu, akaibandika ubaoni wiki tatu nzima. Mkaguzi alikuwa anakuja kuona anavyowafundisha watoto kutunga hadithi kwa kutazama picha. Darasa likifanya vizuri, yeye ndiye angeteuliwa kuwafundisha walimu wenzake. Na kuitaka kazi hiyo aliitaka, usiseme!

Basi akafanya nini? Akawatungia yeye! "Siku moja mama alirudi kutoka safari ya mbali, watoto wakampokea kwa shangwe." Wakaikariri mpaka nukta. Aliyemsumbua ni msichana mmoja tu, waliyemwita Kidomo kwa kupenda kwake kusema. Huyo aliandika kwamba mama harudi, anaondoka, na anayejua ni mbwa peke yake. Hadithi tamu, jamani, na mwalimu alijua ni tamu. Akaichana hata hivyo.

"Andika ninachokuambia," alimfokea. "Acha ujuaji."

Siku ikafika. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akatoa mkobani picha yake mwenyewe: mbuzi juu ya paa. Watoto wakaikodolea macho, kisha kalamu zikaanza kwenda. Mwalimu akashusha pumzi. Mapema mno! Mkaguzi alipita kati ya madawati akasoma daftari la kwanza, la pili, la kumi. Siku moja mbuzi alirudi kutoka safari ya mbali, watoto wakampokea kwa shangwe. Darasa zima, neno kwa neno.

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkaguzi hakugomba. Alichuchumaa kando ya Kidomo, akalifunika daftari lake kwa kiganja.

"Hebu tuyaache haya, mwanangu. Wewe mwenyewe unaona nini kwenye picha?"

Mtoto akaitazama. Midomo ikamcheza, kama aliyekaribia kusema kitu. Kisha akageuka nyuma.

"Mwalimu," akauliza, "ninaona nini?"

Hakuna aliyecheka. Aibu ilimpanda mwalimu mpaka masikioni, na ile kazi aliyoitamani ikamtoka kichwani.

"Sijui, mwanangu," akasema kwa shida. "Sema wewe."

Kidomo alishika kalamu yake vizuri, akaendelea kungoja aambiwe.