Sauti ya Kisyeri

Ukipita kwa Mama Nyangi kule Susuni saa za jioni, utamsikia Kisyeri akiimba. Wageni husimama njiani wakidhani mwenyewe yumo ndani. Hayumo. Ni redio ndogo ya fleshi, ambayo mama yake, tangu macho yamwishie, huiegesha shavuni kama mtu anayeumwa jino. Mimi ndiye niliyepiga dramu katika wimbo ule, na hadi leo nikiusikia mwili unanisisimka.

Bendi yetu iliitwa Ngurumo. Tulikuwa watatu: Simioni kwenye gitaa, mdogo wake Kisyeri kwenye litungu, ala ya nyuzi ya kwetu, na sauti, na mimi Wegesa, mwanamke pekee aliyepiga dramu Tarime nzima. Aliyenicheka alijibiwa hapo hapo. Kisyeri alilifunga waya litungu la babu yao, akalichomeka kwenye spika, likanguruma mpaka glasi za baa zikatetemeka. Sirari walitupenda. Ng'ambo ya mpaka, Isebania, walitupenda zaidi, na watu wa Mwanza walishaanza kutuita.

Lakini wale ndugu! Simioni alitaka kila noti ikae mahali pake. Kisyeri aliingia anapojisikia kuingia. Kule Mugumu hakutokea kabisa, tukapiga bila yeye, watu wakaturushia chupa. Waligombania nani katunga wimbo gani, nani asimame mbele, hata nani akae dirishani safarini. Niliwatenganisha mara nyingi kwa vijiti vya dramu, na sijutii.

Siku ya mwisho tulikuwa Sirari, ukumbi umefurika. Kisyeri, kishalewa, alimkatiza kaka yake katikati ya wimbo, akasema kwenye maiki, "Huyu bila sauti yangu ni fundi redio tu." Watu wakaangua kicheko. Simioni alivua gitaa, akaliweka chini taratibu, akaisogelea maiki ile ile.

"Nikipiga tena na wewe, mama afe."

Hakuna aliyecheka tena. Kwao neno kama hilo halifutwi kwa samahani. Anayeweza kuliondoa ni yule uliyeapa kwa uhai wake, kwa kukupulizia maji ya mdomoni, tena baada ya wewe mwenyewe kwenda kulitamka mbele yake. Hatumwi mtu, na yeye haruhusiwi kukuita kwa ajili hiyo.

Simioni hakwenda. Aliona haya, aliogopa. Utamwambiaje mama yako kwamba umemweka rehani kwa hasira za baa? Nilimsukuma mwanzoni mpaka akanifukuza. Alifungua duka la vifaa vya umeme pale Nkende. Kisyeri alivuka mpaka, asirudi tena, maana angerudi nyumbani watu wangemwambia chukua litungu. Miaka ikaenda. Baadaye tukasikia ameugua koo, amepasuliwa huko huko Kenya. Nilipompelekea Simioni habari hizo aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya waya.

Mwaka huu Mama Nyangi alianguka, na hajainuka tena kitandani. Aliniita.

"Wegesa, nataka kuwasikia wanangu pamoja kabla sijaondoka. Siyo kwenye redio."

Nilimfuata Simioni dukani nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kesho yake alipanda Susuni. Alipiga magoti kando ya kitanda, jasho likimtiririka, akalitamka lile neno lote kama alivyolitamka siku ile.

"Watu wa Sirari wana midomo, mwanangu," mama alisema. "Nilijua tangu wiki ile ile. Nilikuwa nakusubiri wewe." Akaomba kikombe cha maji, akajaza mdomo, akampulizia usoni. "Basi, limekwisha. Kamlete mdogo wako."

Simioni alilia kama mtoto. Mimi nilikasirika. Miaka yote ile ililiwa na jambo la kikombe kimoja cha maji!

Kisyeri alikuja Jumamosi, amekonda, kitambaa shingoni na jua lote lile. Alimshika mama yake mkono, akatoa shikamoo iliyokuwa pumzi tupu.

"Marahaba, baba. Usilie sasa, umeshafika," mama alimwambia.

Tuliketi pale chumbani. Dramu zangu niliziuza zamani, kwa hiyo nilipindua ndoo. Simioni alianza, litungu likaitikia, na Mungu anisamehe, nilisahau miaka. Vidole vya mama vilikuwa vinagonga blanketi. Tukafika mahali pa sauti. Kisyeri alimtazama kaka yake, Simioni akatikisa kichwa kukubali, naye akaimba.

Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, mwembamba, unaokatika kila baada ya neno. Aliimba hivyo hivyo kwa moyo wote, mishipa ya shingo imemtoka.

Vidole vya mama vikasimama. Aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta.

"Mwambieni huyo mgeni apumzike kidogo," alisema kwa upole. "Nataka nimsikie Kisyeri."

Nilitaka kusema. Simioni alinitazama, nikanyamaza. Aliendelea kupiga pale pale pa kuingilia sauti, akirudia na kurudia, hathubutu kuacha. Kisyeri alifunga mdomo. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile redio kwenye mto wa kulalia, akautafuta wimbo, akaiegesha kwenye shavu la mama yake.

Sauti yake ya ujana ikajaa chumba.

"Huyo sasa!" Mama Nyangi alicheka. "Umechelewa, baba, lakini umekuja."

Simioni akaufuata wimbo na gitaa lake. Kisyeri akainamia litungu, machozi yakimdondokea juu ya nyuzi, akapiga nyuma ya yule kijana wa kwenye redio, na safari hii hakukosa hata noti moja.