Chaza Aliyegoma Kufunguka

Tangu mkewe azikwe, Mlingoti hakuwa na kazi nyingine ila kumchungulia chaza. Alikuwa mchomea vyuma mstaafu, mrefu hata vizingiti vya watu vilimjua kwa paji la uso, na jina hilo alibandikwa kazini likamganda. Tangi lilikuwa la marehemu: kioo cha ukubwa wa sanduku la nguo, maji ya chumvi, vipande vya matumbawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na juu ya jiwe la katikati, chaza mmoja. Enzi za mwenyewe, chaza huyo alishinda magamba wazi, ametandaza nyama yake ya buluu chini ya taa, maana ndani ya nyama hiyo mna vijimea vinavyomlisha kwa mwanga. Sasa kila Mlingoti akisogea, anamkuta amejifunga kama dirisha la ofisi siku ya malalamiko.

Waliomponza chaza aliwajua: watu wa umeme. Juma lililopita walikata bila hata salamu, pampu ikanyamaza, taa ikafa. Wakubwa ni wale wale. Ndio waliomweka mkewe kwenye benchi la hospitali akimngoja daktari aliyekuwa semina. Wao wakipiga chafya, mafua yanakuja huku.

Asubuhi ile alimpigia simu mwenye duka la samaki wa mapambo.

"Kama kweli amekufa, mzee, asikae humo," yule bwana alimwambia. "Ataoza, maji yaharibike, uwapoteze wote. Nitapita jioni nimtoe."

Mlingoti alikubali, kisha akaiacha chai ipoe. Nyumbani humo vitu vyote vya mkewe vilikuwa vimekunjwa na kufungiwa. Tangi pekee ndilo lililokuwa bado linapumua.

Basi akazidi kuchungulia. Anasimama, anainama, kichwa kinaingia kati ya taa na maji, anagonga kioo kwa ukucha. Kimya. Anazunguka meza, anarudi, anagonga tena.

Mchana akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshona nguo, na gauni la mteja la kupinda kwa mkono. Mlingoti alimwachia nyumba akaenda ofisi ya umeme kusema lake la rohoni. Alirudi amefura.

"Eti anayeshughulikia malalamiko yuko likizo," alisema akiingia. "Likizo ya nini? Amechoka kutosikiliza?"

"Pole, shemeji. Chaza wako alikuwa amefunguka kama mwavuli."

Mlingoti akasimama wima. "Nitanie kwa mengine. Kwa hilo usinitanie."

"Ulipotoka tu, akafunguka. Umeingia sasa hivi, hujafika hata kwenye zulia, akafunga."

"Kumbe ananichukia."

"Anakuogopa. Kivuli kikimpitia anadhani limekuja lisamaki kumla. Na wewe ukisimama hapo, shemeji, ni kupatwa kwa jua."

"Umeme ndio ulio—"

"Umeme walikata siku moja. Wewe unamkatia mwanga kutwa, kila siku." Alichoma sindano kwenye kitambaa, taratibu. "Halafu dada aliniambia, chaza akifa huachama. Kufunga kunataka nguvu. Huyu wako ana nguvu za kukukimbia."

Mlingoti alitafuta mtu wa kumlaumu chumbani humo. Walikuwa wawili, na mmoja alikuwa anapinda gauni.

"Mwenzangu alimtazamaje basi?" aliuliza baadaye.

"Amekaa. Unadhani hiki kigoda nilichokalia alikipendea uzuri wake?"

"Na mimi nitapitia wapi?"

"Chini."

Mlingoti akatoka hadi mlangoni, akapiga magoti, akaingia nyumbani kwake kwa kutambaa kama mdaiwa. Magoti yalilia. Alipofika ukutani akageuka, akajiburuta kwa makalio. Shemeji aliuma uzi ili asicheke.

"Inamisha kichwa, Mlingoti. Bado unaonekana."

Wakakaa. Pampu ilinguruma, maji yakatikisa mwanga ukutani. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Kisha kati ya magamba kukatokea ufa mwembamba kama uzi. Samaki akapita juu, ufa ukaziba, na Mlingoti akamtukana samaki kwa kunong'ona. Ukarudi. Ukapanuka. Nyama ya buluu ikachungulia, ikamwagika pole pole juu ya kingo, yenye madoa ya kijani, ikautafuta mwanga.

"Ukingoni amepauka," Mlingoti alisema.

"Njaa. Mwache ale, rangi itarudi."

Alimtazama mpaka macho yakamuuma. Akayapangusa kwa kiganja. "Hao wa umeme sijawasamehe, lakini."

"Usiwasamehe. Walaani ukiwa umekaa."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye duka, na ndoo mkononi.

"Hodi, mzee. Nimekuja kumtoa yule marehemu."

"Hatoki mtu humu," alijibu Mlingoti chini chini, bila kuinuka. "Karibu. Ndoo iache nje, na wewe uingie umekaa."