Macho Aliyoyachora Brashi

Palikuwa na mzee mmoja, walimwita Brashi, na jina halikuja bure. Enzi za filamu alikuwa fundi wa kusafisha na kurekebisha picha studio. Una chunusi? Mpelekee Brashi. Umetoka umefumba macho? Brashi atakufumbua. Penseli iliyochongwa kama sindano, wembe, kioo kidogo dirishani, basi. Shule aliiachia darasa la nne, lakini mkono wake, we acha tu.

Sasa huyu Brashi ana binti, mkutubi, mtu wa vitabu mpaka mboga zinaungua yuko ukurasa wa ngapi sijui. Binti akaanzisha chama cha kusoma, kila Jumamosi saa kumi, chumba cha nyuma cha maktaba, viti vya plastiki na feni inayolia kama mbuzi. Akamwambia, "Baba, mwezi huu tunasoma nadharia ya picha. Njoo, picha si mambo yako?"

Mzee akaenda. Hakuelewa hata nusu, lakini chai ilikuwa ya moto.

Kitabu chenyewe kizito kama tofali. Kilisema kupiga picha ni kutawala: mwenye kamera ana nguvu, na anayepigwa amenyang'anywa macho, anatazamwa tu, yeye hatazami. Kinyozi mmoja wa chama, ambaye huja kufuata maneno, akasema, "Kwangu mimi mke wangu anatawala hata bila kamera."

Wakacheka wote isipokuwa muuguzi mmoja. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ametoka zamu na viatu vyake vyeupe.

"Hicho kitabu hakimjui mama yangu," akasema. "Yeye ndiye ananitazama mimi."

Akaeleza. Ana picha moja tu ya mama yake, amekaa kitini, amempakata yeye akiwa mchanga. Baba yake alimwambia siku zote kwamba mama aliishi siku tatu, akamwona mwanawe, ndipo akafariki. Lakini mwezi uliopita, kwenye msiba wa huyo baba, shangazi kamvuta kando: mama yako alikata roho kabla hujalia.

"Kazini nimefumba macho ya watu wengi tu," muuguzi akasema. "Nalala usingizi wangu. Lakini hili la kuja duniani mama yangu asinione hata mara moja, limenishinda. Jumamosi ijayo naileta picha mniamulie. Shangazi au picha, mmoja mwongo."

Kikombe cha Brashi kikagonga sahani. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe ilikuwa imekaa pale pale, inakunywa chai.

Maana asubuhi ilipopigwa picha ile, mwenye studio ndiye aliyepiga, na Brashi ndiye aliyeshika taa. Mama yule alikuwa ameshapoa. Walimwegemeza kwa mito, wakamfunika shuka, wakaibana mikono yake kwa pini chini ya shuka ili mtoto asidondoke. Baba mtu akasema, "Mfumbue macho. Na siri iishie hapa."

Brashi akafanya kama alivyowafanyia marehemu wote. Akakaa dirishani, akajitazama kwenye kioo, akanakili macho yake mwenyewe kwenye picha. Atanakili ya nani? Na macho ya kwenye kioo yana namna moja tu, yanakukodolea wewe. Jaribu kujiona ukitazama chini uone kama utaweza. Ukitazama chini, hujioni.

Wiki ile ya kuingoja picha, mzee hakula sawasawa. Binti akambana mpaka akasema yote.

"Sasa utamwambia?"

"Nikinyamaza, nimemdanganya mara ya pili."

"Na ukisema, baba, unamzika mama yake mara ya pili."

"Ndiyo maana chakula hakishuki."

Jumamosi, muuguzi hajafungua hata bahasha, mzee akasimama. "Mwanangu, nisamehe. Macho yale niliyachora mimi. Mama yako alikuwa ameshafariki. Shangazi yako hakusema uongo."

Muuguzi hakutoa chozi. Akauliza kama wanavyouliza wauguzi, polepole, "Una hakika ni picha hii?"

"Anatazama mbele. Ni macho yangu haya haya, utayajua."

Akaitoa, akaitazama. Akayatazama macho ya mzee. Akampa kinyozi.

"Mzee," kinyozi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha, "huyu hatazami mbele."

"Lete hapa."

Kiti ndicho. Mto uliojitokeza pembeni ndio ule alioshindwa kuuficha. Hata mkwaruzo pale wembe ulipoteleza, upo. Lakini macho ya mama yule yalikuwa yameinama, kope zimeshuka nusu, yanamtazama mtoto. Brashi akavaa miwani, akaipeleka picha dirishani. Alitafuta penseli yake kwenye macho yale, hakuiona.

"Nani ameigusa?"

"Imekaa ukutani kwa baba ndani ya kioo chake. Nimeitoa leo."

"Na zamani?"

"Tangu nipate akili yuko hivyo."

Mkutubi akafunua kitabu, akapekua kurasa tatu nne, akakifunga. Kinyozi akasogeza kiti chake nyuma.

"Kwa hiyo alikuwa amekufa," muuguzi akasema.

"Alikuwa amekufa, mwanangu."

"Na wewe ulimchora anatazama mbele."

"Mbele. Sina namna nyingine ninayoijua."

Muuguzi akaipangusa picha kwa kiganja, kama mtu anayempangusa mtoto uso. "Basi kumbe alinitafuta," akasema. Akaikumbatia, picha imemwelekea yeye, akaenda mlangoni. Hapo akageuka.

"Mzee, wale wengine uliowafumbua macho, ni wangapi?"

Brashi akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Miaka ishirini na sita ya kazi, mji mzima ule.

Walirudi kwa miguu, yeye na binti yake, jua bado lipo. Joto lilikuwa kali na watu wameacha milango wazi, unaona hadi sebuleni, viti, redio, picha za wazee wao ukutani, nyingi zimepita mkononi mwake. Brashi alimshika binti yake mkono, akatembea anatazama viatu vyake.

"Baba, vipi?"

"Twende tu," akasema. "Usisalimie mtu."