Sketi ya Bata

Mama hakuvumilia mambo mawili duniani: maji yanayozidi ndoo, na kitu chochote kinachoning'inia kwenye nguo. La kwanza tulilikwepa vizuri tu. La pili ndilo lililotukamata, tena asubuhi ya mashindano, mbele ya wageni.

Mdogo wangu tunamwita Bata. Anaendesha kayaki, ule mtumbwi mwembamba ambao ukikaa ndani ukapiga chafya, unapinduka. Ila nyumbani Mama aliambiwa haupinduki. Niliyemwambia ni mimi, uso mkavu kabisa.

"Sawa," akasema. "Ila siku nikisikia mwanangu kawekwa kichwa chini majini, huo mtumbwi nitaufanya kabati la vyombo. Na mchezo umeisha."

Bata alikuwa akipinduka kila siku ya Mungu, na aliyempindua ni mimi. Kocha, fundi bomba mwenye sauti ya kupasua matofali, alinipa kazi hiyo rasmi. "Mvizie," anasema. Basi naogelea kimya kutoka nyuma, naushika mtumbwi, naubwaga chali. Bata anazama, anasokota kiuno, anapiga kasia moja, anaibuka akinitukana. Mwishowe akawa anaibuka kabla sijamaliza kucheka, utamu wote ukaisha. Na nywele mbichi? "Kaoga, Mama." Mtaa mzima hapakuwa na mtu msafi kama Bata.

Halafu kuna sketi. Ni kitambaa unachovaa kiunoni, ukingo wake unabana mdomo wa mtumbwi ili maji yasiingie. Ya dukani ilipochanika, Mama, ambaye ni fundi cherehani, akaichukua na kushona nyingine. Alitumia turubai la lori, akaweka mpira wa tairi la baiskeli ukingoni, na uzi akausugua kwa mshumaa ili matundu ya sindano yasivuje. Tulimwambia ni ya kuzuia upepo na matone ya kasia magotini.

Mashindano ya kimataifa ya vijana yalipoletwa kwenye bwawa la mji wetu, Mama alifunga cherehani akaja. Alisimama mbali na maji, mkoba kifuani kama ngao.

Kabla ya mbio vifaa vinakaguliwa. Mkaguzi, mama mmoja mrefu wa kutoka nje, aliigeuza sketi yetu, akaipapasa mishono, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama akavimba. Kisha mkaguzi akatafuta kitu upande wa mbele, akauliza. Kocha akatafsiri.

"Anauliza kitanzi kiko wapi."

"Kile kidude cha kuning'inia mlichokibandika ninyi?" Mama akasema kwa fahari. "Nimekikata jana nilipoisafisha. Mwambie aone ilivyotulia sasa."

"Mama, kile ndicho Bata anachovuta sketi ifunguke, atoke," kocha akasema.

"Kwani asimame tu atoke, nani kamshika?"

Kocha akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama mawingu.

"Nikiwa nimepinduka, Mama," Bata akasema.

"Nani anapinduka?"

"Mimi. Kila siku. Na leo ni lazima. Kwenye boya jekundu unazama kichwa chini, unaibuka, unaendelea. Usipozama umetolewa."

Mama akanigeukia taratibu. "Haupinduki, eh?"

"Peke yake haupinduki, Mama. Mpaka mimi niu..."

Kofi la mgongo lililofuata, wageni wote walilielewa bila mkalimani.

Mkaguzi akagonga saa yake. Bila kitanzi hakuna mbio, na sketi za kuazima hazikubana kwenye mtumbwi wetu. Mama huwa na sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni. Akaichomoa. Hakushona. Akaishika tu.

"Kule chini unaona nini?" akamuuliza Bata.

"Kijani. Nasikia moyo. Halafu natoka."

"Huogopi?"

"Wewe ukishona usiku umeme umekatika, unaiona sindano?"

"Siioni. Mkono unajua."

"Basi na mimi hivyo hivyo."

Mama akakaa chini palepale. Akakata mkanda wa mkoba wake, akaukunja, akaushona mbele ya sketi kwa mishono ya kufungia ng'ombe. "Vuta, mwongo wewe," akaniambia. Akaunasa ukingo kwenye kona ya meza ya mkaguzi; nikavuta kwa nguvu zangu zote, meza ikanifuata. Mkaguzi akacheka, akagonga muhuri.

Wanashindana wawili wawili, anayeshindwa anafungasha. Mpinzani wa Bata alikuwa binti mwenye mabega kama mlango. Waliteleza kutoka kwenye mteremko wa kuanzia, wakatua majini kwa kishindo, na hadi boya jekundu yule binti alikuwa ametuacha urefu wa mtumbwi mzima. Akazama wa kwanza. Akainuka nusu, akarudi chini.

Bata akafika, akajitupa.

Pakabaki tumbo la mtumbwi peke yake, linang'aa kama sahani iliyofunikwa. Kucha za Mama zikaingia mkononi mwangu. Alikuwa amebana pumzi, mashavu yamejaa.

Kasia likachomoza, kisha kichwa. Bata hakufuta hata macho. Mpinzani anaibuka, sisi tumeshampita! Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Bata akagonga kengele ya mwisho wa mbio akimtangulia mpinzani kwa urefu wa kasia, akasogea ukingoni, akavuta kitanzi. Sketi ikafunguka mara moja.

Mama akaingia majini na viatu, hadi magotini. Nikadhani anakwenda kumkumbatia. Wapi! Akapitisha mkono ndani ya mtumbwi, akapapasa kiti na pembe zote, akautoa mkono, akautazama. Kisha akauinua juu, kiganja wazi, akamwonyesha mkaguzi, akamwonyesha kocha, akalionyesha jukwaa lote la watazamaji.

"Kukavu! Hata tone!"

Ndipo akamvuta Bata kifuani, gauni zima likalowa, naye wala hakujali.

Bwana mmoja jukwaani akaniuliza kama yule mama mwenye kelele ana mtoto kwenye mbio. Kabla sijafungua mdomo, Mama alishamsikia.

"Ninaye! Yule aliyepinduka!" akaita. "Kaa hapo hapo, raundi ijayo anapinduka tena!"