Maji Yaliyosema Yameshiba

Jana usiku nimeota niko maabara, na maji yamekaa kwenye bika yananisubiri niyasalimie.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda."

Madam Sekela, mwalimu wetu wa kemia, akasimama mbele. Yeye huwa hapigi kelele. Akiongea, hata chupa za tindikali zinanyamaza.

"Kila mtu ana maji mililita mia na chumvi. Ashibishe maji yake. Wa kwanza kuniambia yameshiba, nikaridhika, ndiye atatunza ufunguo wa maabara."

Huo ufunguo nimeutaka tangu kidato cha kwanza. Ila kusema mbele za watu, mimi siwezi.

Tukaanza kukoroga. Kijiko cha pili tu, maji yakafuta mdomo. "Nimeshiba, asante."

Pembeni yangu Atupele, anayejibu maswali kabla hayajaulizwa, maji yake nayo yakasema hivyo hivyo. Akakimbia mbele. "Madam, yangu yameshiba!"

"Yamesema au yameonyesha?"

"Yamesema, Madam."

"Mgeni husema ameshiba tangu mlangoni. Rudi ukamkaribishe."

Nilitamani kumpigia makofi Madam, lakini mikono yangu ilikuwa na chumvi.

Mara maabara imekuwa sebule ya shangazi. Bika limekaa kwenye kochi lenye vitambaa. Nikachota kijiko cha tatu.

"Ongeza kidogo, bibi."

"Jamani, nimeshiba kweli."

"Hata mimi husema hivyo hapa kwa shangazi, halafu nalala na njaa."

Maji yakacheka mpaka yakatoa povu. "Kumbe tunajuana! Haya, lete."

Yakala cha tatu, cha nne, cha tano. Cha sita yakala polepole, yamelegeza mkanda. Cha saba yakanyamaza. Nikakoroga mpaka mkono ukauma. Punje zimekaa chini ya bika, zimekunja nne.

"Mbona hamuingii?" nikaziuliza.

"Tuingie wapi? Humo kumejaa. Sisi tuko sawa hapa."

Kengele ya kumaliza kipindi inakuja koridoni kwa miguu, inakohoa. Atupele bado anabembeleza maji yake, ameyapigia magoti. Nami nimesimama mbele ya Madam, bika mkononi, sauti imebaki kwenye kochi.

Madam hakuniharakisha. Aliiambia kengele, "Subiri hapo mlangoni, mwenzio anaongea." Nilikuwa sijasema hata neno. Kengele ikaegemea ukuta.

Akainama, akatazama chini ya bika kwa utulivu, kama anasoma barua yangu. "Enhe, Tumpe. Maji yamesemaje?"

"Hayajasema kitu, Madam." Sauti ilikuwa yangu, na ilisikika mpaka dirishani. "Yamebakiza."

"Yamebakiza!" Madam akageukia darasa. "Mmesikia? Anayebakiza ndiye aliyeshiba."

Akanipa ufunguo. Ulikuwa mweupe, wa chumvi tupu.

"Uweke mdomoni," akasema. "Mfukoni utaupoteza."

Nikaamka. Bweni zima bado limelala. Kwenye ulimi wangu kuna punje moja ya chumvi, ina kona kali. Nimeizungusha, nimeipa mate, nimesubiri. Haiyeyuki.

Leo kipindi cha kwanza ni kemia. Madam akiuliza swali nitanyoosha mkono, ila nitajibu taratibu, nisije nikaimeza.